Mguu wa Chuma, Damu ya Kifalme: Riwaya ya Cinder Mbele ya Msomaji wa Thornton Heath

Ngano ya Cinderella, kama Charles Perrault alivyoichapisha nchini Ufaransa mwaka 1697, imejengwa juu ya kiatu. Riwaya ya Cinder ya Mmarekani Marissa Meyer, iliyotoka mwaka 2012, imejengwa juu ya mguu wenyewe. Inapoanza, msichana wa miaka 16 ameketi katika kibanda chake sokoni, bisibisi mkononi, akihangaika na parafujo iliyoshika kutu kwenye kifundo chake. Mguu wa chuma aliowekewa utotoni umekuwa mdogo, naye anataka kuuvua. Kwa badiliko hilo moja ngano inaacha kuuliza nani ataenea kiatu. Inauliza mwili wa msichana huyu ni mali ya nani, na kwa hati gani. Hilo ndilo swali bora la riwaya hii ya vijana, na ndilo ambalo mwisho wake unalikwepa.

Hadithi inatokea Beijing Mpya, miaka 126 baada ya Vita vya Nne vya Dunia. Tauni isiyo na tiba inaua maskini na wafalme bila kubagua. Cinder ni fundi mitambo hodari, lakini pia ni saibogi, yaani mtu ambaye sehemu ya mwili wake ni mashine. Vipimo vya daktari vinataja hata kiwango chenyewe: asilimia 36.28 yake si binadamu. Adri, mama wa kambo, ndiye mlezi wake kisheria, na sheria inampa haki juu ya kila senti ambayo Cinder anaipata kwa jasho lake. Serikali nayo hupiga kura za kuwachagua masaibogi wa kufanyiwa majaribio ya dawa ya tauni, majaribio ambayo hawatoki hai. Peony, binti mdogo wa Adri, anapoambukizwa, Adri hasubiri kura. Anamtoa Cinder mwenyewe.

Hapo Meyer anaonyesha umahiri wa mwandishi anayejua bunilizi ya kisayansi ni ya kazi gani. Katika ngano ya kale, ukatili wa mama wa kambo ni tabia yake tu. Ana roho mbaya, basi. Katika riwaya, ukatili huo una mhuri. Adri hahitaji kuwa zimwi, kwa kuwa sheria imekwisha kumfanyia kazi hiyo. Anahitaji kutia saini tu. Msomaji kijana anafundishwa jambo zito bila kuhubiriwa: dhuluma kubwa nyingi hutendwa na watu wa kawaida waliopewa ruhusa. Hata mapenzi ya kweli kati ya Cinder na Peony, ambaye ngano ya kale ingemfanya adui, yanaongeza uchungu wa somo hilo. Si kila mtu wa nyumba ile anamchukia, lakini upendo wa Peony haubadilishi neno hata moja katika hati.

Uzito wa somo hili hutegemea pia mahali linaposomwa. Thornton Heath, mtaa wa kusini mwa London ndani ya manispaa ya Croydon, una wakazi wengi wenye asili ya Afrika, Karibi na Asia Kusini. Safari fupi ya treni kutoka hapo, katikati ya Croydon, limesimama jengo refu la ofisi lililokamilika mwaka 1970, siku ambazo dunia ilikuwa bado imelewa habari za binadamu kukanyaga mwezi. Likaitwa Lunar House, Nyumba ya Mwezi. Kwa miongo mingi jengo hilo limekuwa makao ya idara ya uhamiaji ya Uingereza, na maelfu ya watu wamepanga foleni mlangoni pake wakiomba hifadhi au kibali cha kuishi. Katika riwaya ya Meyer, watu wa mwezini huitwa kwa neno hilohilo la Kiingereza. Wanaomtoroka malkia wao Levana na kujificha duniani ni wahalifu kwa kuwapo tu, na anayewaficha ni mhalifu pia. Mwandishi huenda hakulifikiria jengo la Croydon hata kidogo. Msomaji wa Thornton Heath, ambaye pengine mzazi wake alipanga foleni pale, hana njia ya kutolifikiria.

Yako mengine yanayomgusa kwa karibu zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 1983, sheria ya uraia ya mwaka 1981 ilipoanza kutumika, mtoto kuzaliwa Uingereza hakumfanyi raia moja kwa moja. Hutazamwa kwanza hadhi ya mzazi: ni raia, au ana ukaazi wa kudumu? Aliyekosa urithi huo anaweza kuandikishwa baadaye, kwa mfano akiwa ameishi huko miaka 10 ya mwanzo ya maisha yake, lakini kwa miaka kadhaa ada ya mtoto mmoja ilizidi pauni 1,000. Kuna vijana wanaogundua hali yao wanapokaribia chuo kikuu, fomu inapowauliza jambo ambalo hawakuwahi kuulizwa darasani. Cinder naye ana miaka 16 anapogundua kwamba hakuwahi kuwa mtu wa pale alipolelewa: ni mtu wa mwezini, mkimbizi asiyejijua. Hakuna ukurasa katika riwaya unaomkaribia kijana huyo kuliko huo.

Kisha riwaya inamwacha. Cinder, daktari anamfunulia, ni Selene, binti mfalme wa mwezini aliyedhaniwa kuteketea kwa moto utotoni. Fundi asiye na hati ndiye mrithi wa kiti cha enzi. Maswali yote ya mwanzo, kuhusu mwili, mshahara na sheria, yanajibiwa kwa neno moja: damu. Hapo Meyer, aliyesafiri mbali na Perrault, anarudi kwake kwa nyayo zilezile, maana Cinderella wa Perrault pia hakuwa maskini wa asili. Alikuwa binti wa muungwana aliyeteremshwa jikoni, na harusi inamrudisha alikotoka. Faraja ya namna hiyo ina sharti kali. Inamwambia anayedharauliwa kwamba amekosewa kwa sababu yeye si wa kundi la wanaodharauliwa. Masaibogi wengine waliokwenda kwenye majaribio hawakuwa na enzi ya kurithi. Je, wao walistahili?

Kwa haki ya mwandishi, ni lazima isemwe kwamba tatizo hili analiona. Katika Winter, riwaya ya mwaka 2015 inayofunga mfululizo, Selene akishatawazwa anakusudia kuufuta ufalme wenyewe. Ni hatua ya kijasiri, ila inakuja baada ya juzuu nne zilizomzoesha msomaji kuisubiri taji. Anayeuvunja ufalme bado ni malkia.

Ngano za Waswahili zinajua njia nyingine. Katika kisa cha Sultani Darai, ambacho Edward Steere alikikusanya Unguja na kukichapisha London mwaka 1870, maskini anayefukua jaani akitafuta punje za mtama anaokota thumni, ananunua paa, na paa huyo kwa werevu wake anampatia mke wa kisultani na nyumba ya nyoka wa vichwa saba. Hakuna siri ya nasaba inayofichuliwa. Maskini ni maskini kweli, na utajiri wake wote ni deni kwa aliyemsaidia. Paa anapougua, tajiri anamdharau hadi anakufa. Mwishowe bwana huyo anajikuta tena jaani. Kipimo cha mtu hapo ni jinsi anavyolipa fadhila. Katama Mkangi naye, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimpandisha Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, katika chombo cha angani, akamwokoa kwa kuwa alijifunza kukiendesha. Hakumtafutia babu mfalme.

Kijana wa Thornton Heath apewe Cinder, na aisome kwa furaha. Sura zake za mwanzo zinasema kweli ambayo vitabu vingi vya rika lake haviithubutu. Lakini asiachwe na mwisho wake peke yake. Kando yake kiwekwe kisa cha paa, ili ajue kwamba ngano inaweza kumthamini mtu pasipo kwanza kuichunguza damu yake. Na mwandishi wa Kiswahili anayeziwazia nyota ana kazi inayomngoja: ngano ya kisayansi kwa vijana ambamo msichana mwenye mguu wa chuma anabaki fundi hadi ukurasa wa mwisho, na bado sheria inayomfanya mali ya mtu inavunjwa.