Weupe wa Karatasi: Jinsi Akiba ya Edgar Church Ilivyohifadhika na Jinsi Ilivyopandishwa Thamani

Katika mwaka wa 1977, kijana mmoja mwuza vitabu vya katuni wa mji wa Boulder, jimbo la Colorado nchini Marekani, jina lake Chuck Rozanski, alifikishwa kwenye nyumba iliyokuwa ikitolewa vyombo vyake ili iuzwe, akakuta humo marundo ya vitabu ambavyo mfano wake, kwa wingi na kwa usafi, haukuwa umepata kuonwa na mfanya biashara yeyote wa bidhaa hiyo. Mwenyewe alikuwa Edgar Church, mzaliwa wa mwaka 1888, mchoraji wa matangazo ya biashara aliyeishi Denver, ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuchora picha za matangazo katika kitabu cha simu. Naye alikuwa akijiwekea magazeti ya picha ya kila namna kuwa marejeo ya kalamu yake. Vitabu vya katuni peke yake vinakadiriwa kuwa baina ya 18,000 na 22,000, vingi vikiwa vya tangu mwaka 1937 hadi mwanzo wa miaka ya 1950, na miongoni mwao mlikuwamo Action Comics nambari 1, toleo la Juni 1938, ambamo Superman alitokea kwa mara ya kwanza.

Masimulizi ya mkasa huu aghalabu hukomea kwenye bahati ya mnunuzi, watu wakastaajabu kisha wakaendelea na shughuli zao. Mimi naona bahati ndiyo sehemu yake iliyo ndogo. Vitabu vile vilikuwa na sababu za kudumu, sababu ambazo zaweza kutajwa na kupimwa, na bei iliyokuja kulipwa juu yake nayo ilitengenezwa kwa hatua zinazoonekana. Na mtu asiyezijua sababu hizo na hatua hizo hawezi kufahamu kwa nini vitabu viwili vya toleo moja, vilivyotoka katika mtambo mmoja siku moja, leo kimoja huuzwa kwa bei ya gari na kingine kwa bei ya jumba la kifahari.

Yafaa kuanza na karatasi yenyewe. Vitabu vya zama zile, vyenye kurasa 64 na bei ya senti 10, vilipigwa chapa juu ya karatasi ya magazeti, ambayo hutengenezwa kwa kulisaga gogo la mti pasipo kuondoa lignini, yaani ile gundi ya asili inayozishikamanisha nyuzi za mti. Lignini ikikutana na hewa na mwanga hugeuka rangi, kwanza manjano kisha hudhurungi, na katika kugeuka huko huzaa asidi. Na asidi hiyo, ikijumlishwa na ile iliyosalia kutokana na shabu iliyotumiwa kiwandani, huikatakata minyororo ya selulosi iliyo ndiyo nguvu ya karatasi, hata ukurasa uliokuwa laini ukawa mkavu, ukavunjika pembe kwa kuguswa tu. Joto huiharakisha kazi hii, kwani kanuni waliyo nayo wahifadhi wa nyaraka ni kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya uharibifu hukaribia kuwa maradufu. Unyevu ni mshirika wake, maana asidi haiwezi kukata minyororo ile pasipo maji, na unyevu huohuo ndio unaozitia kutu pini mbili za chuma zinazoshika mgongo wa kitabu, kutu ikaila karatasi inayopakana nayo. Jambo la kuzingatia ni kwamba uharibifu huu haungoji mkono wa mtu: kitabu kisichofunguliwa hata mara moja, kikiwekwa mahali pabaya, chaweza kufa kikiwa hakijasomwa.

Na mikono ya watu haikukosekana. Vitabu viliwafikia wauza magazeti katika mabunda yaliyofungwa kwa kamba, na kamba zikizichubua kingo za kile cha juu na cha chini. Vilivyotumwa kwa posta vilikunjwa katikati. Visivyouzwa vilikatwa kipande cha juu cha jalada, kipande kikarudishwa kwa msambazaji ili mwuzaji arudishiwe haki yake, na kilichobaki kikatupwa. Watoto, ambao ndio walioandikiwa vitabu hivyo, walivisoma kama inavyopasa, wakavikunja mfukoni na kubadilishana hata majalada yakabanduka. Ikaja vita kuu ya pili ya dunia, na raia wakahimizwa kutoa karatasi kuukuu kwa ajili ya jitihada za vita, na shehena za katuni zikaenda kusagwa upya. Kisha katika mwaka wa 1954 tabibu wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu chake cha kuzishutumu katuni kuwa zinawaharibu vijana, kamati ya Seneti ikakaa kulisikiliza shauri hilo, nayo hofu hiyo, ambayo katika baadhi ya miji ilikuwa imekwisha washa mioto ya kuviteketeza, ikawatia wazazi wengi ari ya kuvitupa. Ndiyo sababu Action Comics nambari 1, ambayo yakadiriwa kuwa ilichapwa nakala 200,000, leo hudhaniwa kuwa imebakiwa na nakala kama 100 tu, nazo nyingi ni mbovu au zimetiwa viraka.

Sasa na tuitazame nyumba ya Church. Denver iko juu ya uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu karibu mwaka mzima. Msomaji wa Mombasa au Unguja, ambaye amekwisha ona kitabu kizuri kikiota kuvu kabatini katika masika moja, atautambua mara moja uzito wa jambo hili. Vitabu vilikuwa katika sehemu ya nyumba iliyo chini ya ardhi, ambako ardhi yenyewe huzuia joto la kiangazi lisipenye, na ambako mwanga wa jua haukuingia. Tena vilirundikwa kimoja juu ya kingine katika marundo marefu, na hapa ndipo penye siri ambayo wengi huipita bila kuiona: rundo hujibana kwa uzito wake lenyewe, kurasa zikagandamana, na hewa ikawa haina njia ya kuingia ila ukingoni. Katika vitabu vya wamiliki wengine ukingo ndio unaoanza kubadilika, ukafanya mzingo wa hudhurungi kuuzunguka weupe wa katikati. Katika vitabu vya Church hata ukingo mara nyingi umebaki mweupe, na rangi za jalada zina mng'aro wa siku zilipotoka mtamboni. Yeye mwenyewe alivinunua vikiwa vipya kwa mwuza magazeti, akavileta nyumbani, akaviweka. Na zile alama ndogo za penseli alizozitia mwuzaji juu ya majalada, ambazo katika kitabu kingine zingehesabiwa kuwa ila, katika vitabu hivi zimekuwa ithibati ya nasaba, kwani kwa hizo wajuzi hukitambua kitabu kuwa kimetoka kwa Church na si kwingineko.

Sharti hizi za ubaridi, ukavu, giza na kubanwa ukiisha kuzifahamu, utaziona tena kila inapotokea nakala iliyo safi kupita kiasi. Action Comics nambari 1 iliyouzwa Machi 2010 kwa dola milioni 1.5 ilikuwa imelala kwa miongo ya miaka ndani ya gazeti la zamani la sinema, kurasa za gazeti zikiwa ngao yake. Nakala nyingine ya toleo hilohilo, iliyouzwa Agosti 2014 kwa dola 3,207,852, mwenyewe wa kwanza alikuwa ameihifadhi katika sanduku la mti wa mwerezi huko West Virginia. Na Superman nambari 1 iliyouzwa Novemba 2025 kwa dola milioni 9.12 ilitoka katika dari ya nyumba moja huko kaskazini ya California, ambako hali ya hewa ni ya baridi ya wastani; dari ya nyumba ya Texas, yenye joto lake lijulikanalo, isingekirudisha kitabu kile katika hali ile.

Lakini usafi si thamani mpaka apatikane mtu wa kuupima na mwingine wa kuamini kipimo chake. Rozanski alipovipata vitabu vya Church, soko lilikuwa likiendeshwa kwa mwongozo wa bei wa Robert Overstreet, ambao ulianza kutolewa mwaka 1970, nao uliyagawa madaraja ya hali kwa uchache mno, daraja la juu likimaanisha kitabu kilicho kama kipya. Hapo pakatokea shida iliyokuwa haijafikiriwa: vitabu hivi vilikuwa safi kuliko kile ambacho wauzaji walikuwa wamezoea kukiita kipya, hivyo daraja la juu kabisa la mwongozo halikutosha kuvieleza. Rozanski angeweza kuuza kwa bei ya mwongozo akashukuru, na baadhi aliviuza hivyo. Kisha akachukua hatua ambayo naihesabu kuwa muhimu kuliko bahati yake yote, akadai bei iliyozidi ile iliyochapishwa, hata mara mbili yake, kwa hoja kwamba mwongozo ulikuwa umeandikwa na watu ambao hawakupata kuona bidhaa ya namna hii. Wanunuzi walinung'unika, wakalalama, wakanunua. Tangu siku zile soko likakubali kwamba juu ya daraja la juu pana daraja jingine, na kwamba asili ya kitabu, yaani nyumba kilimotoka na mtu aliyekinunua kwanza, ni sehemu ya thamani yake. Fedha zilizopatikana zililijenga duka lake la Mile High Comics likawa mojawapo ya maduka makubwa ya biashara hiyo, na jina hilo la duka ndilo lililobakia kuwa jina la akiba yenyewe, hali ya kuwa haki yake ingekuwa ya Church.

Hatua ya pili ilichelewa hata mwaka wa 2000, ilipoanzishwa kampuni ya CGC, ambayo kazi yake si kuuza wala kununua bali kuhukumu. Kabla yake mwuzaji ndiye aliyekuwa shahidi wa mali yake mwenyewe, na mnunuzi aliye mbali hakuwa na himaya ila uaminifu wa mtu asiyemjua. CGC hukipokea kitabu, hukihesabu kurasa zake, hukichunguza kama kimetiwa rangi, kimekatwa kingo au kimezibwa mipasuko, kisha wakaguzi zaidi ya mmoja hukipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, na hatimaye hufungwa ndani ya gamba gumu la plastiki lenye lebo inayotaja alama, weupe wa kurasa na, ikiwapo, asili yake. Kitabu kilichofanyiwa ukarabati hupewa lebo ya zambarau, na lebo hiyo hukishusha bei kwa kiasi kikubwa, ingawa kwa macho chaweza kupendeza kuliko jirani yake mwenye lebo ya buluu. Nasikitika kwamba gamba hilo hukifanya kitabu kisiweze kusomwa tena; lakini bila ya shahidi wa namna hiyo hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angelipa mamilioni kwa kitu alichokiona pichani.

Tazama jinsi nusu ya alama inavyotenda kazi. Februari 2010 nakala ya Action Comics nambari 1 yenye alama 8.0 iliuzwa kwa dola milioni 1. Mwezi uliofuata ile ya gazeti la sinema, yenye alama 8.5, ikaleta milioni 1.5. Novemba 2011 nakala yenye alama 9.0, iliyokuwa mali ya mwigizaji Nicolas Cage, ikaibwa kwake mwaka 2000 na kupatikana miaka kumi na mmoja baadaye, iliuzwa kwa dola milioni 2.16. Ile ya West Virginia ilikuwa na alama hiyohiyo 9.0, ila kurasa zake zilisifiwa kwa weupe, nayo ikazidi kwa zaidi ya dola milioni moja. Miaka mitatu iliyopita katikati ilichangia kupanda huko, hapana shaka; lakini wanunuzi wakubwa walionyesha kuwa wanajua kwamba alama hueleza zaidi yale yaonekanayo juu, kama mikunjo, pembe na mgongo, ilhali weupe wa kurasa hueleza ni umri gani wa kikemia uliobaki ndani ya kitabu. Kwa rai yangu anayenunua leo afaa asome mstari wa weupe kabla ya kusoma alama.

Upo mgogoro mmoja ambao haujatatuliwa, nao ni wa kupiga pasi. Kitabu chenye mawimbi au mikunjo isiyovunja rangi huweza kutiwa unyevu kidogo, kikabanwa kwa joto na uzito, kikatoka kimenyooka na kupanda alama. Nayo CGC haiuhesabu ufundi huu kuwa ni ukarabati. Wanaoutetea husema hakuna kilichoongezwa wala kilichoondolewa. Mimi siridhiki na hoja hiyo, kwa kuwa joto na unyevu ndivyo viwili hasa tulivyoona kuwa vinaiua karatasi, hata ikiwa ni kwa muda mfupi na kwa mkono wa fundi stadi. Tena pana athari nyingine ya kibiashara: vitabu vilivyopewa alama zamani hutolewa katika magamba yao, hupigwa pasi, hurudishwa kupimwa upya, na idadi ya nakala zenye alama za juu katika sajili ya CGC huongezeka bila ya kitabu kipya kugunduliwa, na mwenyewe asiporudisha lebo ya kwanza, kitabu kimoja huhesabiwa mara mbili. Kwa hiyo mnunuzi anayelipa nyongeza kwa sababu sajili inasema nakala bora ni tano tu hana budi aangalie sajili hiyo ilikuwa inasemaje miaka kumi nyuma, na kama nakala zilizoongezeka zina nasaba inayojulikana.