Jasusi Mgeni: Riwaya ya Ujasusi na Msomaji wa Nakuru

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuitia riwaya ya ujasusi katika fungu la fasihi pendwa, kisha wakaiacha humo. Hoja zao zinafahamika: kwamba wahusika wake ni bapa, kwamba matukio yake hutegemea mno sadfa, kwamba imewaiga Ian Fleming na James Hadley Chase, na kwamba msomaji huimaliza usiku mmoja akaisahau asubuhi. Hoja hizo zina ukweli wake, lakini haziligusi swali moja ambalo mtu anayechunguza usomaji katika miji ya Bonde la Ufa hana budi kuliuliza. Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji mwezi wa Desemba 1, 2021, ni mji wa makabila mengi, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu wake sokoni, kituo cha mabasi na kazini. Wapenzi wa hadithi za ujasusi wamo. Hata hivyo jasusi mashuhuri wanayemsoma kwa Kiswahili ni mgeni: ametoka Dar es Salaam. Ni kwa nini Kenya, na hususa sehemu hii iliyoonja upelelezi kwa uchungu, haijamzaa jasusi wa Kiswahili wa kufikia kimo cha Willy Gamba?

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba jibu halipatikani katika uhaba wa vipaji wala katika biashara ya vitabu peke yake. Riwaya ya ujasusi husimama juu ya imani. Msomaji sharti akubali kwamba ofisi inayomtuma shujaa yastahili kutumikiwa. Mahali imani hiyo ilipokuwepo, aina hii ya riwaya ilistawi; mahali ilipovunjika, kiti cha shujaa kilibaki kitupu au kilikaliwa na mtu wa kazi nyingine.

2. Yanayosomwa

Mpenzi wa ujasusi katika Nakuru, Naivasha au Gilgil ana mafungu matatu ya vitabu. Fungu la kwanza ni la Kiingereza kutoka ng'ambo: Fleming, Frederick Forsyth, John le Carré na wenzao, vitabu ambavyo aghalabu hununuliwa vikiwa vimekwisha kusomwa na watu wengine. Fungu hili lina mizizi mirefu katika Bonde la Ufa kuliko inavyodhaniwa. Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake walikuwa na shamba Njoro, aliandika riwaya tatu za upelelezi kati ya 1937 na 1939, zote zikitokea katika koloni la kubuni liitwalo Chania. Ya tatu, Death of an Aryan (1939), inahusu kifo cha mlowezi Mjerumani na harakati za Wanazi miongoni mwa walowezi. Mwaka huohuo ndio ilioanzishwa shule ya kilimo ya Egerton hapohapo Njoro, ambayo leo ni chuo kikuu. Kwa hiyo hofu ya jasusi wa kigeni iliingia katika riwaya za Bonde la Ufa mapema, ila ilikuwa hofu ya mlowezi, iliyoandikwa kwa ajili ya msomaji wa Uingereza.

Fungu la pili ni la Kiingereza cha Wakenya. Humo kuna The Men from Pretoria (1975) ya Hilary Ng'weno na The Equatorial Assignment (1980) ya David Maillu, ambayo shujaa wake ni Benni Kamba, 009.

Fungu la tatu ni la Kiswahili, na karibu lote ni la Tanzania. Baba wa fungu hili ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ulimleta Bwana Msa na kiko chake. Kisha akaja Elvis Musiba na Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), Kikosi cha Kisasi (1979), Njama (1981) na Hofu (1988). Halafu Ben Mtobwa na Joram Kiango. Yafaa ikumbukwe kwamba Kufa na Kupona ilichapishwa Nairobi na East African Literature Bureau, chombo cha pamoja cha nchi tatu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Kikosi cha Kisasi na Njama zilitoka katika miaka hiyo ya mpaka uliofungwa, nazo zilimfikia msomaji wa Kenya kwa kuchelewa na kwa njia za pembeni. Baadaye kazi kadhaa za Mtobwa zilichapishwa Nairobi. Shule nazo zilishika njia yao: darasani msomaji wa Nakuru alikutana na Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea za Ken Walibora, naye Gamba alisomwa nje ya darasa, kwa kuazimana.

3. Chifu na Gamba

Nguvu za Musiba zimo katika jambo ambalo wahakiki wengi wamelitaja kijuujuu tu. Gamba ana sababu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 hadi ilipovunjwa 1994. Mji ule ulijaa wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini, na ni dhahiri kwamba maadui wao waliwafuata huko. Kwa hiyo Musiba hakulazimika kubuni vita, alivikuta. Katika Kufa na Kupona Gamba anatumwa Nairobi kufuatia siri za harakati za ukombozi; katika Kikosi cha Kisasi uwanja unahamia Kinshasa. Popote aendapo, msomaji anajua adui ni makaburu, wakoloni na vibaraka wao. Gamba hupigana, hunywa, hupenda wanawake, huendesha gari kwa kasi, na juu ya yote hayo humtii Chifu.

Hapo pia ndipo udhaifu wake ulipo. Ofisi ya Chifu haiulizwi swali. Haijulikani nani anaikagua, nani anaweza kuikatalia, wala nini humpata raia wa kawaida inapomkosea. Wanawake wengi katika riwaya hizi ni pambo au mtego. Usaliti upo, lakini daima ni wa mtu mmoja aliyenunuliwa kwa fedha za nje. Kamwe si tabia ya ofisi yenyewe. Msomaji wa Dar es Salaam ya 1974 aliweza kuyapokea hayo, kwa kuwa mbele ya macho yake dola lilikuwa likifanya kazi ya ukombozi. Msomaji wa Nakuru aliyapokea kwa jicho jingine.

4. Gunia na Sikio

Katika mashamba ya walowezi ya Bonde la Ufa, wakati wa Hali ya Hatari ya 1952 hadi 1960, maelfu ya vibarua Wagikuyu walichujwa, wakafukuzwa mashambani na kurudishwa katika maeneo ya hifadhi, wengine wakitiwa kizuizini. Mpelelezi wa wakati ule hakuwa na bastola wala gari la kasi. Alivikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, akatikisa kichwa mbele ya mstari wa majirani zake. Wagikuyu walimwita gakunia, yaani kigunia. Neno hilo dogo lina maarifa ambayo riwaya za Gamba hazina: kwamba jasusi aweza kuwa jirani, na kwamba asiyeonekana uso hawezi kuulizwa.

Uhuru haukulifuta kumbukumbu hilo. Machi 1975, chini ya miaka miwili baada ya Kufa na Kupona kutoka, Josiah Mwangi Kariuki, aliyezaliwa katika Bonde la Ufa na aliyekuwa na makazi yake Gilgil, aliuawa, na mwili wake ukapatikana Ngong. Kariuki mwenyewe alikuwa amekwisha kuandika juu ya kuwekwa kwake kizuizini katika Mau Mau Detainee (1963). Kamati teule ya Bunge iliyochunguza mauaji hayo haikunyoosha kidole Pretoria. Ilielekeza shaka kwa maofisa wa polisi wa Kenya yenyewe. Katika miaka ya 1980 ukafuata msako wa Mwakenya na vyumba vya mateso vya Nyayo House. Mwaka 1994 na 1995 Koigi wa Wamwere na wenzake walishtakiwa Nakuru kwa madai ya kushambulia kituo cha polisi cha Bahati, na watu wa mji huo waliisikia mahakamani kwao hadithi ya upelelezi ambayo sehemu yake kubwa walibishania kama ni kweli au ni ya kutungwa. Msomaji aliyepitia hayo hawezi kumpokea Chifu kwa mikono miwili.

Waandishi wa Kenya walilijua hilo, hata wale walioandika kwa Kiingereza. Ng'weno aliandika juu ya majasusi wa makaburu mjini Nairobi, lakini kazi ya ushujaa akampa mwandishi wa habari. Maillu alitaka jasusi wa serikali mwenye namba kama ya James Bond, ikambidi abuni shirika la bara zima lisilo la nchi yoyote. Kwa hiyo dai kwamba Wakenya hawakuandika ujasusi kwa Kiswahili kwa sababu tu soko lao ni la Kiingereza halitoshi. Katika Kiingereza nako waliikwepa ofisi halisi.

Ushahidi mzito zaidi umo katika kazi za Ngũgĩ wa Thiong'o. Yeye mwenyewe ameeleza jinsi Matigari ilipotoka kwa Kigikuyu 1986, wapelelezi walivyopeleka habari za mtu aitwaye Matigari anayezunguka akiuliza habari za ukweli na haki, na amri ya kumkamata ikatolewa kabla haijabainika kuwa ni mhusika wa kitabu. Kitabu chenyewe kikanyakuliwa madukani 1987. Katika Mũrogi wa Kagogo, kilichoanza kutoka 2004, mawaziri wa mtawala wana majina ya Kiswahili: Machokali, aliyepanuliwa macho, na Sikiokuu, aliyerefushwa masikio ili aisikie nchi nzima. Jambo hili lapasa kuwashughulisha wanaisimu. Riwaya ni ya Kigikuyu, lakini jicho na sikio la dola vimepewa majina ya Kiswahili. Jasusi Mkenya amezaliwa, amepewa jina la Kiswahili, na amelelewa katika lugha nyingine.

5. Suala la Lugha

Msamiati wenyewe unaonyesha mpasuko huo. Mpelelezi, kutokana na kupeleleza, ni neno la heshima: mwenye kutafuta jambo mpaka alipate. Jasusi, lililotoka Kiarabu, hunuka adui. Aghalabu shujaa huitwa la kwanza, na adui yake la pili. Kachero na shushushu ni maneno ya mtaani, yenye kicheko na tahadhari pamoja. Musiba aliandika kwa Kiswahili cha Tanzania, ambacho kwa msomaji wake kilikuwa lugha ya taifa na ya harakati, na sentensi zake fupi zenye mazungumzo ya haraka zilikipa kasi ambayo wengi hawakuitegemea.

Katika Bonde la Ufa, Kiswahili kina historia ya pande mbili. Ni lugha ya udugu wa vibarua wa makabila mbalimbali, na tena ni lugha ya amri. Mlowezi alimtuma kibarua kwa Kisetla. Askari alidai kipande kwa Kiswahili. Karani na mkalimani walisimama katikati. Mtu anayejua lugha mbili katika shamba la Njoro au Subukia alikuwa na uwezo wa kuokoa na wa kuangamiza. Huyo, kuliko mtu mwenye bastola, ndiye mhusika ambaye riwaya ya ujasusi ya eneo hili ingemhitaji: mkalimani anayechagua neno lipi alifikishe na lipi alimeze. Kiswahili kina nyenzo zote za kumwandika, kwa kuwa yeye mwenyewe aliishi ndani ya Kiswahili.

6. Hitimisho

Katika fungu la tatu kuna dalili moja ya njia. Joram Kiango wa Mtobwa si mtumishi wa Chifu. Ni mpelelezi wa kujitegemea, na hata anapopambana na makaburu katika Tutarudi na Roho Zetu? yu huru kuikaribia serikali au kujitenga nayo. Mtobwa ana makosa yake: sadfa zake ni nyingi na Kiango huponyoka kwa urahisi mno. Lakini amekitenganisha kipaji cha upelelezi na utii kwa ofisi, na hapo amemsogelea msomaji wa Kenya kuliko Musiba, ingawa Musiba ndiye mwenye sababu iliyo nzito zaidi.

Kumwambia msomaji huyu kwamba anapoteza wakati wake kwa fasihi nyepesi ni kumkosea. Anapomsoma Gamba anasoma dola ambalo alitamani kuwa nalo. Anapomsoma Sikiokuu anasoma lile alilopata. Kati ya vitabu hivyo viwili kuna kimoja ambacho hakijaandikwa, na wala hakihitaji mji mkuu, hoteli ya kifahari au risasi nyingi. Kinahitaji shamba, mstari wa watu waliosimama alfajiri, gunia lenye matundu mawili, na mwandishi wa Kiswahili atakayethubutu kulivua.