Kuzipambanua Sinema Kongwe za Mazimwi na Sayari

Wako watu, na idadi yao si haba, ambao wakionyeshwa filamu ya mwaka 1957 yenye ndege mkubwa wa bandia anayeushambulia mji wa New York, hucheka kwa dakika chache, kisha huinuka wakaenda zao, wakidhani ya kuwa wamekwisha kuionja ladha yake yote. Na wako wengine, wachache zaidi, ambao hukaa mpaka mwisho, wakaitazama tena mwaka unaofuata, wala wasiweze kueleza vyema ni nini kinachowavuta. Mwongozo huu ni wa kundi hili la pili, na wa yeyote katika kundi la kwanza aliye tayari kuhama.

Tangu miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960, sinema za kutisha na za viumbe wa sayari nyingine zilitengenezwa kwa wingi huko Marekani, Uingereza na Japani, aghalabu kwa fedha kidogo na kwa haraka kubwa, na nyingi katika hizo ni takataka zisizostahili hata kuchekwa. Ila ufukara wa mtaji peke yake hauwezi kuwa mizani, kwa kuwa filamu mbili zaweza kutengenezwa kwa fedha ile ile na kwa siku zile zile, moja ikasahauliwa kabla ya mwaka kwisha, na ya pili ikadumu miaka sabini. Na kinachozitenga, kadiri nionavyo mimi, ni ikhlasi, yaani kama aliyeitengeneza aliiamini hadithi yake, au kama aliwadharau watu aliokuwa akiwauzia tiketi. Bibi anayewasimulia wajukuu habari za zimwi wakati wa usiku hahitaji pembe wala manyoya ya kujivika. Yamtosha kuteremsha sauti mahali panapostahili, na asicheke yeye kwanza.

Kwa hiyo, ukitaka kuipima filamu ya namna hii, usimwangalie kwanza zimwi, mwangalie anayemkabili. Katika Dracula ya kampuni ya Hammer, iliyotoka mwaka 1958 chini ya mwongozaji Terence Fisher, Peter Cushing, aliyecheza nafasi ya Daktari Van Helsing, anaufikia mwisho wa mapambano akiwa amekwisha kukabwa koo, hana silaha wala msaada. Ndipo anapopiga mbio juu ya meza ndefu, akayarukia mapazia mazito na kuyaangusha, jua likaingia, kisha akanyakua vinara viwili vya mishumaa na kuvipitanisha vikawa msalaba, huku Christopher Lee, aliyemcheza Dracula, akisukumwa na mwanga na kuwa mavumbi kiungo kwa kiungo. Ukilieleza tukio hilo kwa mdomo, ni upuuzi mtupu. Cushing hulifanya kwa makini ya tabibu aliye kazini, wala haoni haya hata kidogo, na kwa dakika ile mtazamaji naye husahau kuona haya.

Kinyume chake ni msiba uliompata Jeff Morrow katika The Giant Claw, ile filamu ya ndege niliyoitaja. Yeye na wenziwe walicheza mbele ya anga tupu, wakaambiwa waogope, nao wakaogopa kwa dhati, bila kujua kwamba ndege atakayetiwa baadaye angekuwa na shingo ndefu iliyonyonyoka, macho ya kutumbuka na kishungi cha nywele utosini. Morrow alipata kusimulia kwamba alimwona ndege huyo kwa mara ya kwanza ndani ya ukumbi, watazamaji wakiangua kicheko, naye akajiondokea kimyakimya. Hata hivyo mimi naihesabu filamu hii katika zinazofaa, kwa sababu nyuso zile hazina hila, na aibu yote ni ya yule aliyebana fedha za kikaragosi.

Ukishawapima wachezaji, mgeukie zimwi mwenyewe, na hapa darasa kubwa ni Gojira, filamu ya Kijapani ya Ishirō Honda iliyotoka Novemba 1954. Eiji Tsuburaya, bingwa wa hila za kamera, angalipenda kumtengeneza mnyama wake kwa sanamu ndogo inayosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, lakini muda na fedha havikumruhusu. Basi akamtia mtu, Haruo Nakajima, ndani ya vazi zito linalosemwa kuwa lilikaribia kilo 100, akamtembeza ndani ya mji wa Tokyo uliojengwa kwa udogo, na kamera ikakimbizwa kuliko kawaida, ili picha itakapoonyeshwa kwa mwendo wake wa desturi kila hatua ionekane nzito. Hapo ndipo pa kukaza macho: kuta zinapoanguka, je, zaporomoka taratibu kwa uzito wake, au zaanguka upesi zikatoboa siri ya udogo wake? Katika filamu nyingi zilizomwiga Gojira utaona zikianguka upesi. Tena mnyama huyu hakuzuliwa ili kujaza ukumbi tu. Mwezi Machi wa mwaka ule ule, majivu ya bomu la haidrojeni ambalo Wamarekani walilijaribu katika kisiwa cha Bikini yaliwaangukia mabaharia 23 wa meli ya uvuvi ya Kijapani, Daigo Fukuryū Maru, na mmoja wao akafariki Septemba. Waliokata tiketi mjini Tokyo miezi miwili baadaye hawakuhitaji kufafanuliwa mnyama ametoka wapi.

Sikio nalo lina haki yake. Mngurumo wa Gojira, ambao hata aliyezaliwa juzi anaujua, mtunzi wa muziki Akira Ifukube aliupata kwa kuvuta glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu juu ya nyuzi zilizolegezwa za fidla kubwa ya besi, kisha sauti hiyo ikapunguzwa mwendo wake. Fumba macho katika filamu yoyote ya zama hizo usikilize dakika tano: ukisikia tarumbeta zile zile zikipigwa kila mara mtu afunguapo mlango, basi muziki umetolewa ghalani, na huenda hadithi nayo ilitoka huko huko.

Mtihani mgumu zaidi ni Robot Monster, ya mwaka 1953. Mwongozaji Phil Tucker alihitaji roboti kutoka mwezini, wala hakuwa na fedha za kuunda roboti. Alichokuwa nacho ni rafiki, George Barrows, aliyemiliki vazi lake mwenyewe la sokwe, basi akamvika kichwani kofia ya chuma mfano wa ile ya wapiga mbizi, akamweka katika mapango ya Bronson, karibu na Hollywood, pamoja na mashine ya kupuliza mapovu ya sabuni, na kazi ikamalizika kwa siku nne. Kwa kila kanuni ya ufundi hii ni filamu mbaya. Lakini liko tukio ambapo sokwe yule, aliyeamriwa kumuua binti ambaye moyo wake umekwisha kumwelekea, anasimama juu ya jabali akilalamika peke yake, akitupa mikono huku na huku, amekwama baina ya amri na mapenzi. Na ijapokuwa maneno yenyewe ni ya kuchekesha, mtu aliyeyaandika hakuwa akicheka. Asiyeona kitu hapo sina la kumwongezea.

Wenye fedha chache na akili nyingi wako mlango wa pili. Ray Harryhausen, fundi wa sanamu za kusogezwa, alipotakiwa kuunda pweza wa It Came from Beneath the Sea mwaka 1955, alimpa mikono sita badala ya minane ili kupunguza gharama na kazi, akajitahidi asionekane mzima kwa pamoja, na wengi wameitazama filamu hiyo bila kuhesabu. Mtayarishaji Val Lewton alitangulia mbali zaidi: katika Cat People, ya mwaka 1942, mwanamke anatembea usiku barabarani, nyayo zinamfuata, kisha nyayo zinanyamaza, na ghafla breki za basi zinapiga mluzi ambao sikio huupokea kuwa mngurumo wa chui. Gharama yake ni basi moja na kivuli. Mwongozaji Ed Wood, kwa upande wake, alibaki na vipande vichache vya filamu ya mwigizaji Bela Lugosi, aliyefariki Agosti 1956, akavitia katika Plan 9 from Outer Space, na mahali palipopungua akamweka tabibu wa viungo wa mkewe, mtu mrefu kuliko marehemu, aliyejifunika uso kwa joho tangu mwanzo hadi mwisho. Lewton alijua kasoro yake iko wapi akaiepa. Wood hakuiona kabisa. Mimi humpendelea wa kwanza, ila sijawahi kuacha kumwonea huruma yule wa pili.

Nisichoweza kukipokea ni filamu za siku hizi zinazojifanya mbaya kwa makusudi, kama Sharknado ya mwaka 2013, ambamo papa wananyesha kutoka mbinguni na kila mchezaji anamkonyezea macho mtazamaji. Usidhani nasema mzaha ni haramu, maana mwongozaji William Castle alikuwa mtu wa mizaha mitupu: mwaka 1959, kwa ajili ya The Tingler, alifunga injini ndogo za kutetemesha chini ya baadhi ya viti vya ukumbi, na ilipofika dakika maalumu taa za picha zikazimika na sauti ya mwigizaji Vincent Price ikawasihi watu wapige makelele ili waokoke. Lakini Castle alikuwa akimtumikia mtazamaji, ilhali hawa wa leo wanajikinga naye, ili filamu ikishindwa waseme hawakuwa wakijaribu.

Na wewe unayezipenda sinema hizi kongwe kwa sababu ya utoto wako, kama Wamarekani wengi waliozijua kupitia televisheni baada ya filamu 52 za kampuni ya Universal kuuziwa vituo mwaka 1957, jihadhari na moyo wako mwenyewe, kwani humsamehe kila zimwi uliyemwogopa ukiwa na miaka minane. Jipime kwa filamu usiyoijua.

La mwisho ni nakala. Katika The War of the Worlds ya mwaka 1953, vyombo vya Wamirihi vilining'inizwa kwa waya. Rangi za nakala za mwanzo zilizifunika sana, nakala za baadaye zikazianika, na marekebisho ya miaka ya karibuni yakazifuta. Tafuta nakala inayokaribia ile waliyoiona watu wa 1953. Vivyo hivyo Gojira: anza na ile ya Kijapani, wala si ile ya Wamarekani ya 1956 waliyompachika Raymond Burr, fuatisha Cat People, kisha Dracula, na Plan 9 uiweke mwisho, usiku, pamoja na jamaa watakaokubali kunyamaza Lugosi anapotokea.