Kuli, Kibarua na Fundi: Mwanamke wa Ujenzi Mbele ya Riwaya ya Wafanyakazi

Riwaya ya Kuli ya Adam Shafi Adam, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1979, imehakikiwa mara nyingi kama riwaya ya tabaka la wafanyakazi. Inasifiwa kwa kuonyesha jinsi Rashidi, mwana wa mchukuzi aliyefia kazini bandarini Unguja, anavyotoka katika dhiki ya mtu mmoja na kuingia katika umoja uliozaa mgomo wa mwaka 1948. Sifa hiyo ni ya haki. Makala haya hayakusudii kuipinga, bali kuuliza swali moja: je, sura ya mfanyakazi tunayoichota humo yamtosha mwanafunzi wa Nyakabere, ambaye huwaona wanawake wakibeba mchanga na mawe yanayojenga nyumba za Uvira?

Yafaa tuanze na majina. Kuli ni neno lililotufikia kutoka Bara Hindi. Kibarua ni barua ndogo, yaani hati aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa. Jina la karatasi likahamia kwa mwenye kuishika. Fundi hutajwa kwa anachokijua. Kibarua hutajwa kwa namna anavyolipwa. Ufundi mkubwa wa Adam Shafi ni kulichukua jina la dharau na kuligeuza kuwa jina la wengi, kwani chama huanza pale watu wanapokubali kuwa na jina moja. Hata hivyo, jina hilo linapogeuka, Bi Mashavu, mamake Rashidi, hayumo ndani yake. Mahali pake ni nyumbani, katika kumlea na kumhangaikia mwanawe. Jasho lake linaonekana, ila halihesabiwi kuwa kazi.

Lugha yenyewe haina hatia. Ngeli ya mtu katika Kiswahili haibagui mume na mke: mwashi amejenga, seremala ameranda, na msikilizaji hajui jinsia ya mtendaji. Mbaguzi ni matumizi. Twasema "fundi" tukamwona mwanamume. Akiwa mwanamke twaongeza neno la pili, "fundi mwanamke", kana kwamba ni ajabu. Neno mwiko latufundisha jambo hapa. Upo mwiko wa kusongea ugali, upo mwiko wa mwashi wa kupakia udongo, na upo mwiko ulio katazo. Mwanamke hukabidhiwa ule wa kwanza tangu utotoni. Anapoushika wa pili hukumbushwa ule wa tatu.

Nayo nyumba haianzi kwa mwiko wa mwashi. Huanza kwa mchanga uliotolewa mtoni, kwa mawe yaliyopondwa, kwa maji yaliyotekwa. Baada ya mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 kubomoa nyumba nyingi mjini Uvira, hakuna ukuta ambao ungeinuka bila mizigo hiyo. Mbebaji wake huitwa msaidizi, au haitwi chochote.

Jambo hili si la maneno matupu. Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamtambua mfanyakazi bila kujali jinsia yake, mradi afanye kazi kwa ujira chini ya uongozi wa mwajiri. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 38, inahakikisha uhuru wa vyama vya wafanyakazi. Tangu mwaka 1990 enzi ya chama kimoja cha wafanyakazi, kile cha UNTZa kilichoundwa mwaka 1967, ilikwisha, na vyama vikawa vingi. Lakini anayelipwa kwa mzigo, leo na huyu, kesho na yule, atamtaja nani kuwa mwajiri wake? Akiteleza mtoni akavunjika mguu, nani atamdai nani? Mlango wa sheria haumfungii kwa sababu ni mwanamke. Unamfungia kwa sababu kazi yake imekosa jina.

Huenda mtu akatujibu kwamba mwandishi alieleza bandari ya mwaka 1948 jinsi ilivyokuwa, na kwamba kuwapachika wanawake gatini kungekuwa uzushi. Hoja hiyo twaikubali. Kasoro haimo katika Kuli. Imo katika desturi yetu ya kuisomesha kama kwamba mgomo wa wachukuzi ndio sura pekee ya umoja wa wafanyakazi. Wachukuzi wale walikuwa na lango moja la kazi, na lango likifungwa meli hukwama. Mbeba mchanga hana lango. Umoja wake hauna budi kutafuta njia nyingine, pengine kwa wabebaji wa mto mmoja kupatana bei ya mzigo na kutopokea chini yake.

Riwaya ya umoja huo bado haijaandikwa. Kabla ya kuingoja, walimu na wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kutimiza jambo lililo karibu: kwenda mtoni na daftari, kuyakusanya majina ambayo wanawake hao wanajiita wenyewe na wanayoyaita mizigo yao, na kuyaingiza katika msamiati wa kazi tunaoufundisha. Rashidi alipata chama baada ya kupata jina. Hao nao wastahili kuanzia hapo.