Neva za Figo Hazichomwi na Wageni wa Kazi

Jaribio la HTN-3 liliharibika siku kazi ilipogawanywa. Wagonjwa 364 wa presha sugu wakachomwa neva za figo katika hospitali 88 za Marekani, na madaktari zaidi ya 100. Pigeni hesabu wenyewe: wagonjwa watatu, wanne kwa kila daktari, na karibu theluthi ya madaktari hao waligusa mgonjwa mmoja tu, basi!

Katheta waliyotumia, Flex, ncha yake ya kuchomea ni moja. Unaingilia kinenani, unapanda na aota, unapenya mshipa wa figo. Unachoma dakika mbili, unarudi nyuma kidogo, unazungusha mpini, unachoma tena, mara nne hadi sita, ili uuzunguke ukuta wote. Neva ziko nje ya ukuta huo, huzioni, na hakuna kipimo kinachokuambia zimekufa. Asiyezoea kuzungusha huchoma upande mmoja, mwingine ukabaki unafanya kazi kama kawaida. Ndiyo yaliyotokea: waliochomwa pande zote nne, figo zote mbili, walikuwa 19 tu. Mwaka 2014 majibu yakatoka, tofauti ya presha ya milimita 2.39 dhidi ya waliopigwa picha ya mishipa bila kuchomwa, na tiba ikahukumiwa. Tiba gani, ikiwa wengi hawakuipata?



Zamani, daktari wa upasuaji Smithwick wa Boston alikata neva za presha kwa kisu, kwa mkono wake, na mwaka 1953 yeye na mwenzake Thompson wakatoa taarifa ya wagonjwa 1,266. Upasuaji ule ulikuwa mzito, wengine walizimia wakisimama. Lakini alichokata alikiona.

Katheta mpya zaidi, Spyral, imerekebisha mengi: ncha nne, na matawi ya mshipa yanachomwa pia. Marekani iliiidhinisha Novemba 2023.

Hata hivyo, nalirudia lile langu la siku zote: dawa ya spironolaktoni kwanza. Jaribio la PATHWAY-2 lilimaliza ubishi huo mwaka 2015. Mtu wa Tandale asipandishwe Muhimbili kwa ajili ya katheta kabla hajajaribu dawa hiyo, huku potasiamu yake ikipimwa. Na siku tiba hii ikifanywa pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, wakabidhiwe madaktari wawili, watatu, waichome wao tu mwaka mzima, na faili la kila mgonjwa lionyeshe pande zilizochomwa.