Karatasi ya Kura Ndiyo Inayopanga Kampeni

Kampeni za Tororo na Busia ya Uganda huendeshwa kwa picha za alama za vyama: basi la NRM, mwavuli wa NUP, ufunguo wa FDC, fulana na mabango. Kule Japani huendeshwa kwa jina. Gari la vipaza sauti huzunguka mitaani kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku likirudia jina la mgombea, maana likiwa mwendoni sheria hailiruhusu kuhutubia. Na kuomba kura nyumba kwa nyumba kumepigwa marufuku tangu 1925. Wengi huiita tofauti hii utamaduni. Mimi naona chanzo chake kwenye karatasi ya kura. Mjapani huandika jina la mgombea kwa mkono wake, hivyo jina lililosahaulika ni kura iliyopotea. Mpiga kura wa Kiyeyi, Tororo, hukuta jina, picha na alama vimekwishachapwa, akaweka tiki au dole gumba. Anachohitaji ni kuitambua alama.

Kama utamaduni ndio ungekuwa chanzo, watu walewale wangefanya kampeni ileile kila mara. Lakini tarehe 10 Julai 2018 Waganda walichagua wenyeviti wa vijiji kwa kupanga mstari nyuma ya wagombea. Pasipo karatasi, alama haina kazi. Kazi ni kumtoa jirani nyumbani na kumfanya asimame hadharani. Wakenya waliyaona hayo katika mchujo wa chama cha KANU wa 1988, wakauita mlolongo. Aliyesimama mstarini alionekana na chifu, na vitisho vikawa mbinu.

Yupo atakayesema alama zipo kwa sababu wengine hawajui kusoma. Ni kweli, ndiyo sababu ya kuziweka. Ila zikishachapwa, hata msomi hutafutwa kwa alama hiyohiyo. Mwingine atasema sheria za mikutano ndizo zinazoamua. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, Tume ya Uchaguzi ya Uganda ilizuia mikutano mikubwa, na Desemba 26 ikasimamisha mikutano ya kampeni katika maeneo kadhaa, Tororo ikiwemo. Karatasi ya Januari 14, 2021 ilibaki na picha na alama zake, kwa hiyo kazi ya mgombea ilibaki ileile, kwa redio na mabango. Anayetaka kurekebisha kampeni aanze na karatasi ya kura, kabla ya kugusa vipaza sauti.