Unafagia Nini Usiku Kucha?

Mathe ndiye mkosoaji wangu wa kwanza, na mpaka leo hakuna aliyemshinda kwa ukali. Chumba chetu hapa Kamere ni kimoja, pazia katikati. Upande wake kuna kitanda. Upande wangu godoro, gitaa la umeme la mtumba na ampu ndogo inayotoshea kwenye ndoo. Kwa mwaka mzima nilikaa upande wangu kila usiku nikifanya zoezi moja tu: swipu, ile mbinu ya kufagia nyuzi.

Kwa wasioshika gitaa, nieleze. Kwa kawaida mkono wa kulia hupanda na kushuka, noti kwa noti. Ukifagia, piki inasukumwa upande mmoja tu. Ikimaliza uzi huu inaangukia unaofuata, kama fimbo ya mtoto anayeiburuta kwenye ua wa mabati. Mkono wa kushoto nao unabonyeza noti moja na kuiachilia kabla inayofuata haijalia. Ukichelewa kuachilia, noti zinashikana na unasikika kama mtu aliyegonga akodi nzima kwa bahati mbaya.

“Unafagia nini usiku kucha,” mathe aliuliza siku nilipomwambia jina la zoezi, “na nyumba yenyewe ni hii?”

Nilicheka. Ilinichukua mwaka kujua kwamba lile lilikuwa swali la muziki.

Nilianza na A maina kwenye nyuzi tatu nyembamba: uzi wa 3 freti ya 14, wa 2 freti ya 13, wa 1 freti ya 12, halafu kidole kidogo kinaruka hadi freti ya 17, na unarudi ulikotoka. Metronomu ya simu niliiweka kwenye mapigo 60. Niliongeza mawili matatu kila wiki, kisha nikaongeza nyuzi zikawa tano. Nilijifunza pia kujidanganya. Ukijaza distoshoni na mwangwi, kila kosa linafunikwa. Ni kama tokeni za stima zikiisha: gizani kila nyumba ni safi. Siku nilipozima distoshoni nikajirekodi, nilisikia uchafu mpaka nikaona haya, nikarudi mapigo 60.

Basi nikasafisha. Na hapa ndipo ukosoaji wangu unaanzia, kwa sababu tatizo halikuwa uchafu.

Sisi tunaopenda swipu tuna ukoo wetu. Kuna Frank Gambale wa Australia, aliyeifanya mbinu hii kuwa mfumo mzima wa kupiga. Kuna Yngwie Malmsteen, ambaye mwaka 1984, katika albamu ya Rising Force, alilitaka gitaa likimbie kama fidla ya Paganini. Na kuna Jason Becker, aliyetoa Perpetual Burn mwaka 1988 kabla hajatimiza miaka 20. Lakini wengi wetu hatukuanza na albamu. Tulianza na video za sekunde 30: kijana, chumba, gitaa jeusi, noti kama mvua ya mawe. Ukiuliza wimbo uko wapi, unaambiwa hujui muziki.

Nilipata nafasi ya kujua ninachojua. Mzee mmoja ana bendi ndogo inayopiga rumba na benga wikendi huku kando ya ziwa, na mpiga solo wake alikuwa amesafiri. Walipiga “Shauri Yako”, utunzi wa Nguashi Ntimbo ambao Orchestra Super Mazembe, Wakongo waliofanyia kazi Nairobi, waliueneza Afrika Mashariki nzima. Ni haohao wa “Kasongo”. Mwishoni mwa 2024 jina hilo lilipogeuka utani wa kisiasa, rika langu lote liliucheza wimbo ule. Lakini maze, ni wangapi tuliyasikiliza magitaa? Katika rumba hii magitaa hugawana kazi: la solo, la mi-solo, la ridhimu. Kila moja linaacha nafasi ili lingine lipumue.

Sebene ilipoanza, mzee akaniitikia kwa kichwa. Nikaingia na nyuzi tano, juu na chini, mara tatu. Hakuna noti iliyokosea, na nilikuwa nahesabu. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akicheza na viatu vyake mkononi. Nilipomaliza mara ya tatu alikuwa ameshavivaa, anarudi kwenye kiti.

“Vidole unavyo, kijana,” mzee aliniambia akinipa shilingi 700. “Lakini ulikuwa unaongea na nani?”

Jumamosi iliyofuata simu haikulia.

Nilikasirika kwanza. Nikajiambia hawa ni wazee, hawaelewi. Kisha nikarudi kusikiliza vitu viwili bila kushika gitaa. Cha kwanza ni “Masanga” ya Mwenda Jean Bosco, aliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo. Gitaa moja la mbao, kidole gumba na kidole cha shahada. Hizo pia ni noti za akodi zikimwagwa mojamoja, kitu kilekile ninachofanya mimi. Ukishindanisha noti kwa sekunde, vijana wa video wanamwacha mbali. Lakini gumba lake linashika njia huku kidole kingine kikichezacheza juu ya njia hiyo, mpaka hujui ni kipi ukifuate. Unasikia watu wawili wakibishana kirafiki. Swipu yangu ilikuwa mtu mmoja anayekimbia bila kufukuzwa.

Cha pili ni “Altitudes” ya Becker mwenyewe. Nilikuwa nimeusikiliza mara mia, nikiruka kwenda moja kwa moja kwenye swipu. Sasa niliusikiliza kutoka mwanzo. Unaanza taratibu, gitaa linaimba, linavuta pumzi. Kwa hiyo kasi inapofika ina mahali pa kutoka. Mimi nilikuwa nimekata kilele nikakibeba nyumbani bila mlima.

Na Becker ana somo jingine, zito zaidi. Alipokuwa na miaka 20 aligunduliwa kuwa na ALS, ugonjwa wa neva uliomnyang’anya vidole, kisha sauti. Anawasiliana kwa macho, kwa mfumo aliobuniwa na babake, na bado anatunga. Albamu ya Triumphant Hearts ilitoka 2018, magitaa yakipigwa na wengine. Vidole vilipoondoka, kumbe kulikuwa na kitu nyuma yake. Nikajiuliza vyangu vikiondoka kesho kitabaki nini. Freti ya 14, 13, 12, 17. Basi.

Naona mtu yuko tayari kuniambia nirudi kwetu, niachane na muziki wa wazungu. Hapana, bana. Gitaa lenyewe lilitoka ng’ambo, na Mwenda hakuomba ruhusa. Na kundi la Duma kutoka Nairobi lilipotoa albamu yake mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lilionyesha kuwa kelele nzito inaweza kuwa yetu kabisa. Sina ugomvi na swipu. Ugomvi wangu ni na mazoezi yanayojiita muziki.

Mathe amepanga waridi kwa urefu wa shina miaka mingi, vidole vyake vikiuma asubuhi za baridi ya ziwa. Nilipomsimulia habari ya yule mzee alisema, “Sisi tunakimbia ili maua yawahi ndege. Lakini aliye Uholanzi hanunui mbio zetu. Ananunua ua.”

Kwa hiyo nimebadilisha zoezi, ingawa metronomu bado iko. Naweka ridhimu ya polepole kwenye simu, napiga sentensi fupi ya noti nne tano, na swipu ya nyuzi tatu inaingia pale tu sentensi inapoiomba. Usiku mwingine haiiombi kabisa, na hilo ndilo gumu kuliko mapigo yoyote ya metronomu. Nimemwomba yule mzee anipe gitaa la ridhimu, hata bila malipo, nijifunze kuacha nafasi. Amesema atafikiria.

Juzi usiku, nikiwa katikati ya zoezi, sauti ilitoka nyuma ya pazia. “Hiyo ya saa hii inaitwaje?”

Nikamwambia haina jina bado.

“Irudie,” akasema.